Tone la Shahidi

Wanangu wa maabara, siku mliyoniaga mlinifunga kitenge, mkanilisha keki kama bibi harusi, kisha Neema akasimama mbele ya wageni na kusema, "Mama Kinunda, kabla hujapotelea kwenye kahawa zako, tuandikie mlivyokuwa mnafanya kazi zamani." Neema alijua anachofanya. Mbele ya wageni siwezi kukataa jambo, kwa kuwa mbele ya wageni siwezi kusema jambo lolote.

Basi naandika. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo naandika asubuhi nikishalisha kuku, kipande leo, kipande kesho. Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka. Niliingia nikiwa mhudumu wa maabara, nikatoka nikiwa mhudumu mwandamizi. Kuna watu wameandika vitabu kwa mengi zaidi ya hayo, na wengine kwa machache.

Nilitoka Mpepai nikiwa msichana ambaye akisalimiwa hutazama vidole vya miguu yake. Baba alisikia kanisani kwamba hospitali inatafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara, msafi, asiye na maneno mengi. Kwa kukosa maneno sikuwa na mpinzani. Nikavaa sweta la mama, nikapanda lori la kahawa mpaka Mbinga.

Mkuu wa maabara alikuwa Bwana Rajabu, mtu wa Tanga aliyeletwa huku na kazi ya serikali. Nilimkuta amevaa koti la sufi juu ya koti jeupe, na shali shingoni. Baridi ya Umatengo, milima yetu hii, aliichukulia kama adui aliyetumwa kwake peke yake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

Nikamjibu.

"Umemjibu nani, mimi au sakafu?"

Nikarudia kwa sauti ya juu kidogo. "Gaudensia."

"Haya, Gaudensia. Hapa kuna vitu viwili vya kuvunjika, vioo na watu. Ukivunja kioo nitakugombeza mpaka jua lizame. Ukivunja mtu hatutakuwa na la kusemeshana. Sasa nenda kaoshe ile mirija, halafu utuwekee chai. Ninyi mmezaliwa ndani ya friji, hamjui wenzenu tunavyoteseka."

Kazi yangu ya kwanza, basi, ilikuwa mirija ya kioo. Ninyi mnatumia ya plastiki na kuitupa, na sisemi neno. Sisi tuliiosha kwa brashi nyembamba na sabuni, tukaisuuza kwa maji mengi, kwa sababu sabuni iliyobaki ndani hupasua chembe za damu na kipimo kikakudanganya. Bwana Rajabu hakuangalia kwa macho. Alipitisha kidole kilicholowa juu ya mdomo wa mrija. Ukilia kwii, umetakata. Ukinyamaza, unarudi kwenye karai pamoja na Gaudensia.

Chombo cha pili kilikuwa mashine ya kuzungushia damu kwa mkono. Ilifungwa kwa skrubu ukingoni mwa meza, ina mpini kama wa mashine ya kusagia nyama. Ukizungusha sawasawa, chembe nyekundu zinatulia chini na majimaji ya njano yanabaki juu. Ukizungusha kwa hasira, mrija unapasuka. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, kwa hiyo mashine hiyo ndiyo iliyotulisha. Mpaka leo mkono wangu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Fundi cherehani wangu anajua.

Chombo cha tatu kilikuwa kigae cheupe cha kupimia makundi. Mnakijua, kile mlichotundika ukutani kama picha ya marehemu. Kila mgonjwa alipata matone ya damu yake mwenyewe juu ya kigae. Tone la kwanza tulilichanganya na dawa ya A, ambayo ni ya bluu. La pili na dawa ya B, ambayo ni ya njano. Tunatikisa kigae taratibu na kutazama. Likishikana vijipunje, kama maziwa yaliyokatika, kwenye bluu peke yake, mtu ni A. Kwenye njano peke yake, B. Kote kuwili, AB. Matone yote mawili yakibaki laini, ni O. Lilikuwepo na tone la Rh, lakini hilo siku ninayotaka kuisimulia halikutusumbua.

Na Bwana Rajabu aliongeza tone moja ambalo sehemu nyingine waliliruka ili kuokoa muda. Damu ya mgonjwa na maji ya chumvi tu, bila dawa yoyote. Aliliita shahidi.

"Shahidi hana la kusema," alinifundisha. "Kazi yake kukaa kimya. Akinyamaza, yale waliyosema wenzake tunayaamini. Siku shahidi akisema, funga mahakama. Hakuna hukumu."

Alikuwa na sheria nyingine, iliyonitesa kuliko karai. Baada ya kunifundisha kusoma kigae, alitaka tusome watu wawili, na mimi niseme kwanza, kwa sauti, kabla sijamsikia yeye. Alisema nikimsikia yeye nitaona alichokiona yeye. Mimi, niliyekuwa naona haya hata kuitikia misa, nilitakiwa kutangaza damu za watu. Nilisema kwa sauti ya panya. Alikuwa anaweka mkono sikioni na kuuliza, "Nani huyo anapiga simu kutoka Ukata?" Na huko Ukata, kijiji cha mbali, simu hazikuwapo wakati huo.

Miaka ikaenda hivyo. Nikajifunza kulinganisha damu ya mtoaji na ya mpokeaji, nikajifunza kuongea na watoaji. Nikajua kwamba wakulima wakubwa kwa mwili ndio wanaoanguka wakiona sindano, na vibibi vyembamba vinauliza, "Umemaliza? Mbona kidogo?"

Sasa nije kwenye siku ya Esta.

Ilikuwa mwezi wa sita, ukungu umekaa juu ya mji mpaka karibu na saa nne, na meza yetu ya saruji ina baridi kama kaburi. Shule zimefungwa, kwa hiyo wanafunzi wa sekondari, ambao ndio waliokuwa ghala letu la damu, wametawanyika makwao kuchuma kahawa. Friji yetu ilikuwa na dawa za kupimia na siagi ya Bwana Rajabu. Damu haikuwamo.

Likaingia gari la kukodi kutoka pwani ya ziwa. Walikuwa wamepanda milima tangu alfajiri. Ndani kulikuwa na mama kijana, Esta, aliyejifungua jana yake na ambaye damu ilikuwa haijakoma vizuri. Kabla ya hapo alikuwa amekohoa na kuwa na homa kwa wiki kadhaa. Mtoto alikuwa mzima, amefungwa kwenye khanga, analia kwa haki yake. Pamoja naye walikuja mumewe, Festo, mvuvi, na mdogo wake Festo, na jirani mmoja, na baba yao, Mzee Yohana. Mzee kwa heshima tu, maana nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Wote wamevaa mashati mepesi ya ziwani, wanatetemeka kama majani ya mgomba. Dereva, Mmatengo mwenzangu, hakuwaonea huruma.

"Wanyasa hawa," aliniambia, "ziwani wanapigana na mawimbi, hapa wameshindwa na ukungu."

"Ngoja wewe uje kwetu ukaogelee," Festo akamjibu, meno yanagongana. "Tutakuvua kwa nyavu."

Walikuwa wanataniana kwa sababu waliogopa. Daktari alikuwa amekwisha kutoka wodini na kutuambia wazi: anataka kumpeleka Esta chumba cha upasuaji, na bila damu hawezi. Alimtazama Bwana Rajabu, Bwana Rajabu akatazama friji.

Tukapima. Nikaweka matone ya Esta kwenye kigae, nikatikisa. La bluu likashikana. La njano likashikana. Nikasema, "AB," na kwa mara ya kwanza nilisema kwa sauti ya mtu mzima, kwa kuwa ilikuwa habari njema. Wa AB hupokea chembe za kundi lolote. Bwana Rajabu mwenyewe alikuwa AB, na alijisifu kwamba yeye hupokea kwa kila mtu na hawezi kumpa kila mtu, sawasawa na alivyokuwa kwa sukari.

Wale ndugu walikuwa mlangoni, wakasikia. "AB ni nini?" Festo akauliza. Dereva, anayejua kila kitu, akamwambia, "Ni kwamba yeyote kati yenu anafaa." Mlango mzima ukapumua. Mdogo wake Festo akakunja shati lake, akaja kukaa kwenye kiti cha kutolea damu kabla hajaitwa.

Mimi nilikuwa bado nimeshika kigae. Nikatazama tone la shahidi. Lilikuwa limeshikana vijipunje kama wenzake.

Nilidhani nimechafua kigae. Nikachukua kingine, nikarudia. Likashikana tena.

"Bwana Rajabu," nikasema.

Alikuwa anamuuliza yule kijana kama amekula. Hakusikia. Nikasema tena, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe, "Shahidi amesema!"

Festo aliniambia baadaye kwamba alifikiri tunaendesha kesi, na kwamba mkewe ndiye mshitakiwa. Bwana Rajabu akaja, akainama juu ya kigae, akatikisa, akatazama. Kisha akanitazama mimi.

"Nimeharibu?" nikauliza.

"Hujaharibu. Ni baridi." Akavua shali lake. "Huyu mama ametoka kwenye homa ya kifua. Damu yake ina kitu kinachozishika chembe zake zenyewe zikipoa. Huko kwao ziwani kuna joto, pengine tusingekiona. Hapa, juu ya meza hii yenu ya barafu, kila tone linashikana, uweke dawa usiweke. Hatujui kundi lake. Hatujui kabisa."

Halafu akasema, "Leta birika la chai."

Tulifanya hivi, na ninawaandikia kwa utaratibu kwa sababu umeme wenu nao hukatika. Maji ya birika tukayapoza kwa maji baridi mpaka yakawa ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nilipima kwa kiwiko, kama mama alivyonifundisha. Tukasimamisha mrija wa damu ya Esta humo. Tukatia na chupa ya maji ya chumvi ipate joto. Tukaziosha zile chembe kwa maji hayo ya uvuguvugu, mimi nikizungusha mashine, Bwana Rajabu akifunika mirija kwa shali lake kati ya mzunguko na mzunguko. Tukaosha tena na tena. Kigae nilikipasha kwa viganja vyangu na kukiweka juu ya chupa ya maji moto.

Nikaweka matone upya. Shahidi akanyamaza. La bluu, laini. La njano, laini.

"O," nikasema.

"O," akasema Bwana Rajabu, na akatoka mwenyewe kwenda kumwambia daktari. Tungempa damu ya A au B, mwili wake ungeipasua yote, na yeye angekwenda nayo.

Yule kijana alishuka kwenye kiti amenuna kama aliyenyang'anywa sahani. Wa O hupokea kwa O peke yake. Tukawapima wote. Festo, B. Mdogo wake, B. Jirani, A. Dereva, A, naye akasema alijua tu kwamba ana A. Mimi ni A. Muuguzi wetu wa O alikuwa ametoa damu majuzi tu. Ndugu wa Esta mwenyewe walikuwa mbali, upande wa kusini wa ziwa, hawajapata hata habari.

Mzee Yohana alikuwa O.

Nilimwambia kwa furaha. Yeye akaingiza mikono kati ya magoti.

"Baba, huumwi, damu yako inatosha, ni sindano moja tu," nikamwambia, nikidhani ni woga.

"Sindano siogopi, binti yangu. Mamba nimewafukuza." Akatazama mlango wa wodi. "Yule ni mkamwana wangu. Ni mke wa mwanangu."

Akaeleza taratibu. Kwao, baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa mbali. Tangu Esta aolewe, hawajakaa mkeka mmoja, hawajala chombo kimoja, wakikutana njiani mmoja anapisha kwenye majani. Hata ndani ya gari lile, Esta mgonjwa amelazwa nyuma, yeye alikaa mbele na hakugeuza shingo milima yote. "Sasa damu yangu iingie mwilini mwake? Akipona, tutatazamana vipi? Atasema nini kwa mama yake?"

Festo akaanza kulia. "Baba, akifa utampisha nani kwenye majani?"

"Nyamaza. Sijasema sitoi."

Bwana Rajabu elimu alikuwa nayo ya kutosha, lakini alikuwa mgeni na alijijua kuwa mgeni. Akaniangalia mimi. Ajabu ya Mungu, nilielewa. Haya ya yule mzee niliijua. Si kwamba mtu wa haya hataki. Anaona aibu kwa sababu hajapewa njia ya kupita.

"Baba," nikasema, "kwenu hii heshima haiondolewi kabisa? Hakuna namna?"

Akainua macho. "Ipo. Wakati wa ugonjwa au safari kubwa, mkwe hupeleka kitu. Kuku, au jembe. Mkamwana akipokea, haya imeondoka. Lakini lazima apokee mwenyewe, kwa mkono wake, na kitu kipelekwe na mtu mwingine." Akatazama mikono yake mitupu. "Nimekuja bila kuku."

"Kwenye gari una usipa," dereva akasema. "Safari nzima nimenusa."

Ulikuwepo, usipa mkavu, vile visamaki vya ziwani, kwenye kikapu kidogo, wa kumpelekea shangazi yao mjini. Mzee Yohana akachota viganja viwili, akafunga kwenye kitambaa chake cha mfukoni, akanipa. "Mwambie kwamba baba yake Festo anaomba njia."

Nikaingia wodini na samaki. Muuguzi alinitazama kama nimerukwa na akili. Esta alikuwa mweupe midomoni, amefunikwa blanketi zote tulizokuwa nazo, kwa kuwa Bwana Rajabu alikuwa ameagiza asipate baridi hata kidogo. Nikainama, nikamwambia maneno kama nilivyopewa, na kwamba damu itatoka kwa nani.

Alifumba macho. Nikadhani amezimia, au anakataa. Sijawahi kuogopa vile, hata sasa nikiandika nasikia. Kisha mkono ukatoka chini ya blanketi, ukafunguka. Nikaweka kitambaa kiganjani, akakifumba.

"Mwambie baba nimepokea," akasema. Halafu akaongeza, kwa pumzi ndogo, "Mwambie na usipa wenyewe hauna chumvi. Mama mkwe ameanza kusahau."

Nilipeleka ujumbe wote, pamoja na chumvi. Mzee Yohana alicheka mpaka akajifuta macho, akakaa kwenye kiti, akakunja shati.

Tulifanya vipimo vingine vyote vya mtoaji, tukalinganisha damu mbili hizo kwenye maji yale yale ya uvuguvugu, zikakubaliana. Mfuko ukaenda wodini ukiwa umefungwa ndani ya shali la Tanga. Daktari alifanya kazi yake. Jioni Bwana Rajabu alirudi kutoka wodini, akaketi, akaomba chai, na alipoletewa alikumbuka birika lilikuwa limefanya kazi gani. "Mimina tu," akasema. "Leo limesomea."

Siku ya Esta kuruhusiwa, nilisimama dirishani. Mzee Yohana alifungua mlango wa mbele wa gari, wa kwake, akamwelekeza mkamwana wake apande. Yeye akakaa nyuma.

Bwana Rajabu alihamishwa baadaye kwenda mahali penye joto, akafurahi, akatuandikia kwamba kuna mbu. Mashine ya kuzungusha kwa mkono ikawekwa stoo. Mkaja ninyi na vifaa vyenu vya kupasha mirija kwa kubonyeza kitufe, na damu ikawa inaletwa kutoka benki ya damu, ya watu wasiojuana kabisa, na hilo ni jema kuliko kuwatesa ndugu mlangoni. Mwaka jana mlipompeleka yule mwalimu kwenye hospitali kubwa ya kupandikiza figo, mliniambia kuna vipimo vingi sana vya kulinganisha. Nikauliza cha kwanza ni kipi. Mkacheka. Ni A na B, bluu na njano.

Kabla sijastaafu, katika majira ya baridi, mlango wa maabara ulifunguliwa na mama mnene mwenye kofia ya sufi. Alikuwa amemshika mkono mzee mwembamba, mkono kwa mkono, anamwongoza hatua kwa hatua. Sikuwatambua mpaka mzee aliponisalimia. Alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Sauti imekua," akasema Mzee Yohana.

Esta alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha kutolea damu na kukunja mkono wa gauni. Neema alimweleza kwa adabu kwamba friji ina damu ya O ya kutosha, na kwamba huenda mzee asihitaji hata moja.

"Nimesikia," Esta akasema. "Chukua tu, dada. Kama siyo yeye, mpe mwingine."

"Ameanza ubishi huo tangu tulipotoka nyumbani," mzee akasema.

Neema alinitazama. Nikaenda kwenye sinki, nikanawa, nikapasha kigae cha zamani kwa viganja vyangu, ingawa hakuna aliyeniomba. Nikaweka matone ya Esta, la bluu na la njano, nikaweka na lile jingine.

Shahidi alinyamaza. Nikatangaza kundi, na hata waliokuwa kwenye foleni nje walinisikia.